Floridi katika maji ya kisima: mradi wa utafiti wa kufanyia katika maabara ya pamoja Nairobi

Zamu ya mashine ndiyo inayochelewesha miradi mingi ya kemia ya mazingira Nairobi. Mwanafunzi hutengeneza unga wake wa kusafishia maji, akaupeleka kwenye mashine ya eksirei inayotambua madini yaliyomo, akasubiri wiki tatu, kisha akaletewa grafu inayoonyesha kuwa sehemu kubwa ya unga huo ni chokaa iliyoharibiwa na hewa. Tone moja la asidi lingemwambia hayo siku ya kwanza. Mradi unaoelezwa hapa, wa kuondoa floridi kwenye maji ya kisima, umepangwa ili kila kinachoweza kujulikana kwa vifaa vya mezani kijulikane mezani, na mashine kubwa ziulizwe maswali machache tu ambayo jibu lake halipatikani kwingine.

Tumechagua floridi kwa sababu mbili. Visima virefu vya Nairobi hupita kwenye miamba ya volkeno, na vingi hutoa maji yenye floridi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani mg 1.5 kwa lita. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia Nakuru au Naivasha yanatokana na maji ya aina hiyo. Sababu ya pili ni ya kivivu kidogo: kifaa kinachopima floridi ni elektrodi ndogo inayotoshea kwenye begi, na haina foleni. Miradi ya kuondoa rangi ya buluu ya methileni ni rahisi zaidi, na huenda ndiyo maana imejaa kwenye rafu za maktaba, lakini hakuna mtu Embakasi anayefungua mfereji akapata rangi hiyo.

Swali la mradi ni moja: haidroksiapataiti (madini ya kalsiamu na fosfeti yanayojenga mifupa) ya chembe za nano, yaani ndogo mno, iliyotengenezwa kwa chokaa na asidi ya fosforiki, inaondoa floridi kiasi gani kwa kila gramu ikilinganishwa na mkaa wa mifupa ya kawaida, katika maji halisi ya kisima? Madini ni yaleyale katika vyote viwili. Tofauti ni ukubwa wa chembe na njia ya kutengeneza.

Kabla ya kugusa bika

Leseni ya utafiti hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), na maombi hufanywa mtandaoni. Tuma mapema, kwa kuwa barua za idara na za msimamizi ndizo hukawia. Pata ruhusa ya maandishi ya mwenye kisima, na mkubaliane tangu mwanzo kama jina la mahali litaandikwa kwenye ripoti. Wenye majengo ya kupangisha wana sababu za kuogopa namba zako.

Kisha keti na fundi wa maabara kabla ya kuketi na mtu mwingine yeyote. Muulize mambo manne: tanuri linafika nyuzi ngapi kweli (si zile zilizoandikwa mlangoni), stima ikipotea programu ya tanuri huanza upya au husimama, mashine ya eksirei inahitaji gramu ngapi, na nani anakuja kabla yako siku ya zamu. La mwisho lina maana yake. Kama aliyekutangulia kwenye kinu cha kusaga alikuwa na oksidi ya chuma, unga wako mweupe utatoka na rangi ya waridi.

Hesabu uzito wa unga kabla ya kutengeneza chochote. Jaribio la msingi ni gramu 0.20 za unga ndani ya mL 50 za maji. Viwango sita vya floridi, kila kimoja mara tatu, ni chupa 18, yaani gramu 3.6. Ukifanya kwa maji yaliyochujwa (maji safi ya maabara yasiyo na madini) na tena kwa maji ya kisima, ni gramu 7.2. Jaribio la muda lina chupa 16, gramu 3.2. Ongeza gramu 1.5 za majaribio ya awali na vidhibiti (chupa za kulinganishia), gramu 1 ya eksirei, nusu gramu ya kupima eneo la uso kwa gesi ya naitrojeni, na gramu 2 za akiba. Jumla inakaribia gramu 16. Mpishi mmoja, yaani kutengeneza unga mara moja, hutoa chini kidogo ya gramu 5, kwa hiyo unahitaji mipishi minne. Usiichanganye kabla ya kuijaribu mmoja mmoja kwa chupa moja ya floridi ya mg 10 kwa lita. Mpishi mbovu ukishachanganywa na mitatu mizuri hautolewi tena.

Maji

Tumia chupa na mitungi ya plastiki tu, maana floridi na kioo havikai pamoja vizuri. Acha pampu iendeshwe dakika 10 ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, suuza mtungi mara tatu kwa maji yaleyale, kisha ujaze mpaka juu. Lita 20 za siku moja zinatosha mradi mzima. Maji ya siku tofauti yatakuletea kigeugeu usichokihitaji. Pima pH na uwezo wa maji kupitisha umeme palepale kisimani. Maji ya visima vya Nairobi huwa na sodiamu na bikabonati nyingi, na yakikaa wazi hupoteza kaboni dioksaidi, pH ikapanda. Kipimo cha pH kilichochukuliwa kesho yake ni cha maji mengine. Sampuli ya floridi haihitaji kuongezwa asidi. Iweke kwenye friji na uipime ndani ya siku 28.

Mkaa wa mifupa

Mifupa ya ng'ombe inapatikana kwa wachinjaji wa Dagoretti au kwa bucha yoyote ya mtaani. Chukua ya miguu, iliyo migumu, ukiondoa vichwa vya viungo kwa kuwa vimejaa mafuta. Ichemshe kwa saa tatu, ukibadilisha maji mara mbili na kutia kijiko cha magadi katika maji ya kwanza. Kumbuka kwamba kwenye mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo saa zinazotajwa katika maandiko ya pwani au Ulaya hazitoshi. Sufuria ya presha inafupisha kazi. Ikaushe kwenye nyuzi 105 usiku kucha, kisha uivunje vipande vya sentimita moja au mbili.

Kuchoma ndiko kunakoharibu watu. Jaza chombo cha kauri chenye kifuniko, au mkebe wa chuma uliotengenezwa na mafundi wa Kamukunji, mpaka ukaribie kujaa ili hewa ibaki kidogo. Usikaze kifuniko: moshi wa mafuta unahitaji tundu la kutokea, la sivyo mkebe utafutuka na mlango wa tanuri utafunguka wenyewe. Panda nyuzi 10 kila dakika hadi 450, shikilia saa mbili, kisha zima. Usifungue mkebe mpaka ushuke chini ya nyuzi 100. Mkaa ulio moto ukipata hewa huendelea kuungua, na tabaka la juu hugeuka jeupe mbele ya macho yako.

Rangi ndiyo kipimo cha kwanza. Mweusi mpaka kijivu iliyokolea ni sawa. Kahawia, na ukilowesha unatoa harufu ya supu, maana yake joto halikufika katikati. Maji yatakuwa na rangi na ladha. Mweupe umeungua kupita kiasi au umepata hewa, na uwezo wake wa kushika floridi umepungua. Usiuchanganye na mweusi ili kupata uzito, utupe. Mifupa mikavu hupoteza theluthi moja ya uzito wake au zaidi kidogo katika kuchomwa. Ikipoteza kidogo sana, rudia.

Saga, pepeta, uchukue chembe za mm 0.25 hadi 0.5, kisha uzioshe kwa maji yaliyochujwa mpaka maji yatoke meupe. Na waarifu wenzako siku ya kuchoma. Harufu ya mifupa katika jengo lisilo na feni ya kutoa moshi imewahi kuvunja urafiki mwingi kuliko deni.

Haidroksiapataiti ya nano

Maandiko mengi hutumia nitreti ya kalsiamu na fosfeti ya amonia. Njia hiyo inafanya kazi, lakini maji ya kuoshea hubaki na nitreti ya amonia, na hicho si kitu cha kukausha kwenye jiko la maabara ya watu wengi. Chokaa na asidi ya fosforiki huacha maji matupu:

10 Ca(OH)₂ + 6 H₃PO₄ → Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂ + 18 H₂O

Kwa mpishi mmoja:

- Chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂ ya daraja la maabara: g 3.70 (milimoli 50)
- Asidi ya fosforiki ya asilimia 85: g 3.46, ambazo ni kama mL 2.05 (milimoli 30)
- Maji yaliyochujwa, yaliyochemshwa dakika 15 na kupozwa yakiwa yamefunikwa: mL 300

Asidi hiyo ni nzito kama asali na hubaki ndani ya pipeti, kwa hiyo ipime kwa mizani. Itie katika mL 100 za maji, uimimine kwenye bureti.

Chokaa ndicho chanzo cha makosa mengi. Mkebe uliofunguliwa mwaka jana umevuta kaboni dioksaidi hewani, na sehemu ya chokaa imekuwa kabonati. Weka kidogo kwenye kioo cha saa, udondoshe asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita. Povu jingi ni ishara ya kutafuta mkebe mpya. Povu dogo sana linavumilika, lakini liandike.

Tia chokaa kwenye mL 200 zilizobaki na ukoroge dakika 30. Haitayeyuka yote, kwa kuwa lita moja ya maji huyeyusha chini ya gramu 2. Utapata kitu kama maziwa. Funika bika kwa plastiki yenye tundu la bureti na la elektrodi ya pH. Dondosha asidi mL 1.5 kila dakika, ukikoroga kwa nguvu, kwa muda wa saa moja na dakika kumi hivi. Kwa muda mrefu pH itakaa karibu na 12 kana kwamba hakuna kinachotokea, kisha karibu na mwisho itaanguka haraka. Hapo punguza mwendo. Ikifika 9.5 kabla ya asidi kwisha, simama: chokaa yako ilikuwa pungufu, na asidi zaidi itakupa brushaiti (aina nyingine ya fosfeti ya kalsiamu) badala ya apataiti. Andika mL zilizobaki, kwa sababu zinakuambia ni kiasi gani cha chokaa kilikuwa kimeharibika. mL 10 zilizobaki kati ya 100 ni sawa na asilimia 10.

Koroga saa mbili zaidi, uache usiku kucha bila kupasha moto. Joto hukuza chembe, na hapa tunazitaka ndogo. Asubuhi mwaga maji ya juu, oshea mara tatu kwa kutumia sentrifuji, mizunguko 4,000 kwa dakika, dakika 10. Usijaribu karatasi ya kuchuja. Unga huu huziba karatasi na utakesha hapo. Kausha kwenye nyuzi 80 kwa saa 12, saga polepole kwenye kinu cha mkono, upime. Kiasi kamili cha kinadharia ni g 5.02. Ukipata 4.5 hadi 4.9, vizuri. Ukipata 5.4, usifurahi: bado kuna maji.

Unga mkavu wa nano huelea hewani. Vaa barakoa ya N95, zima feni, panguza meza kwa kitambaa chenye maji, na usifagie.

Elektrodi ya floridi

Sehemu hii ndiyo inayobeba mradi. Elektrodi ikikudanganya, hakuna eksirei itakayokuokoa.

Kausha floridi ya sodiamu kwenye nyuzi 110 kwa saa mbili, iache ipoe kwenye chombo kikavu kilichofungwa, kisha uyeyushe g 2.210 katika lita moja. Hiyo ni mg 1,000 za floridi kwa lita. Ni sumu, kwa hiyo andika hivyo kwa herufi kubwa kwenye chupa ya plastiki. Punguza mL 10 ziwe lita moja, upate mg 10 kwa lita, na kutoka hapo tengeneza viwango vya 0.5, 1, 2, 5 na 10.

Myeyusho wa kurekebisha, ambao maabarani huitwa TISAB, hutengenezwa hivi kwa lita moja: maji mL 500, asidi asetiki kali mL 57, chumvi NaCl g 58, na CDTA g 4. Ongeza sodiamu haidroksaidi ya moli 6 kwa lita polepole, bika ikiwa ndani ya maji baridi, mpaka pH ifike 5.3 hadi 5.5, huchukua karibu mL 125. Jaza hadi lita. Sampuli na TISAB huchanganywa nusu kwa nusu, viwango na sampuli kwa namna ileile. CDTA hung'oa floridi iliyoshikwa na alumini na chuma. pH ya 5.3 ina kazi yake pia: chini ya 5 floridi huungana na haidrojeni na elektrodi haiioni, na juu ya 8 elektrodi huanza kuhesabu haidroksidi kama floridi.

Soma kuanzia kiwango cha chini kwenda juu, ukingoja dakika tatu hadi tano kila mara. Milivolti hushuka floridi inapoongezeka. Kwenye nyuzi 25, mara kumi ya floridi ni tofauti ya milivolti 59.2, kwenye nyuzi 20 ni 58.2. Mteremko wako, yaani tofauti hiyo ya milivolti, ukiwa kati ya 54 na 60, endelea. Ukiwa 45, elektrodi ni chafu, au myeyusho wake wa ndani umekauka, au umechanganya viwango. Angalia hilo la tatu kwanza.

Milivolti moja ya kosa ni karibu asilimia 4 ya floridi, kwa hiyo vitu vidogo vina uzito. Mwezi wa Julai chumba cha maabara kinaweza kuwa nyuzi 17 asubuhi na 23 mchana. Toa sampuli kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kupima, uziweke pamoja na viwango. Kikorogeo cha sumaku hupata moto kikifanya kazi muda mrefu. Weka kipande cha katoni kati yake na bika. Rudia kiwango cha mg 2 kila baada ya sampuli sita. Kikihama zaidi ya milivolti 2, sampuli hizo sita hupimwa tena. Chupa 18 pamoja na viwango ni kazi ya saa mbili na nusu, kwa hiyo usianze saa kumi jioni.

Kuna mtego mmoja wa nano ambao wengi hawauoni. Chembe ndogo zikibaki kwenye maji baada ya kuchuja, TISAB yenye pH ya 5.3 itaziyeyusha kidogo na floridi iliyoshikwa itarudi majini. Utasoma floridi nyingi kuliko iliyokuwepo, na utasema unga wako ni dhaifu. Tumia sentrifuji dakika 15, kisha chujio la mikromita 0.45 kwenye sirinji ya plastiki, utupe mL 2 za kwanza, upime mara moja. Ukitaka kujua kama tatizo lipo, soma sampuli ileile baada ya dakika 5 na tena baada ya saa moja. Namba ikipanda, bado kuna chembe.

Chupa na hesabu

Tia g 0.20 za unga na mL 50 za myeyusho kwenye chupa ya plastiki ya mL 100. Tikisa kwa mizunguko 150 kwa dakika, saa 24. Viwango vya floridi vya kuanzia, kwa mg kwa lita: 3, 5, 8, 12, 16 na 20. Kwa maji ya kisima, anza na floridi yake yenyewe na uongeze juu yake. Weka vidhibiti viwili kila safari: chupa yenye floridi bila unga, na chupa yenye unga bila floridi. Cha pili ni muhimu hasa kwa mkaa wa mifupa. Ng'ombe aliyekunywa maji ya Bonde la Ufa ana floridi mifupani tayari, na inaweza kutoka.

Kiasi kilichoshikwa ni q = (C₀ − Cₑ) × V ÷ m, ambapo C₀ ni floridi ya mwanzo, Cₑ ni iliyobaki majini, V ni lita za maji na m ni gramu za unga. Ukianza na mg 10 kwa lita na kubakiwa na 2.4, lita 0.050 na gramu 0.20 zinakupa q ya mg 1.9 kwa gramu. Lenga kuondoa kati ya asilimia 30 na 85. Floridi ikishuka kutoka 10 hadi 9.5 tu, kosa la asilimia 4 kwenye kila kipimo ni karibu 0.4, na tofauti yako ya 0.5 haina maana yoyote. Badilisha kiasi cha unga, sio karatasi ya grafu.

Usishawishike kupanda hadi mg 80 au 100 ili upate q kubwa ya kupendeza. Apataiti hutoa kalsiamu kidogo majini. Kwenye mg 80 za floridi, kalsiamu ya mg 0.1 tu kwa lita inatosha kuanza kuangusha floridi ya kalsiamu, chembe ngumu zinazotulia chini. Kwenye mg 5, inahitajika zaidi ya 20. Kwa hiyo huko juu unapima mvua ya floridi ya kalsiamu, na mchoro wako unapanda bila kufika kileleni. Ukilazimika kupita 20, pima kalsiamu kwenye maji yaleyale.

Kwa jaribio la muda, kila muda uwe na chupa yake: dakika 5, 15, 30, kisha saa 1, 2, 4, 8 na 24, mbili mbili. Kuchota kutoka chupa moja hubadilisha uwiano wa maji na unga. Wakati wa kuchora, linganisha mlingano wa kasi wenyewe na data kwa programu, usiunyooshe kwanza uwe mstari. Mchoro wa t/q dhidi ya t (t ni muda) una t pande zote mbili, na R² ya 0.99, alama ya mstari kufuata data vizuri, huja hata kwa data mbovu. Watahini wengi wanalijua hilo siku hizi.

Zamu za mashine

Sasa ndipo unapoenda kupanga foleni, na maswali yako ni mafupi. Eksirei ya fuwele: omba kuanzia nyuzi 10 hadi 60 za 2θ (pembe ya kupimia), mionzi ya shaba. Haidroksiapataiti huonyesha vilele kwenye 25.9, 31.8, 32.2 na 32.9. Brushaiti hujitokeza kwenye 11.6, ndiyo sababu huanzi 20. Chokaa iliyobaki ni 18.0 na 34.1, kabonati ya kalsiamu ni 29.4. Ukubwa wa fuwele hesabu kwa kilele cha 25.9 kwa kuwa kimesimama peke yake. Vile vitatu vinalaliana. Kwa mlingano wa Scherrer, unaogeuza upana wa kilele kuwa ukubwa wa fuwele, upana wa nyuzi 0.40 hutoa nanomita 20 hivi, ukiwa umeshaondoa upana wa mashine yenyewe. Muombe fundi kipimo cha silikoni kilichofanywa na mashine hiyohiyo.

Infraredi inahitaji mg 1 hadi 2 za unga katika mg 200 za KBr iliyokaushwa. Mawimbi ya 1,415 hadi 1,455 na 875 ni kabonati, na kidogo lazima kiwepo. Picha ya mikroskopu ya elektroni ni moja kwa kila unga, inatosha.

Usilipie eksirei ya unga uliotumika. Apataiti iliyojaa floridi kabisa ina mg 38 kwa gramu. Wako umeshika 2, asilimia 5 hivi, na kilele hakitasogea kiasi cha kuonekana. Pesa hizo nunua nazo viwango vipya.

Taka za floridi na TISAB zikusanywe kwenye mtungi mmoja wenye lebo, mbali na asidi kali, na zitolewe kwa mwenye leseni ya NEMA (Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira) kupitia maabara.

Kusoma jibu

Kwenye mchoro wako, tafuta q pale Cₑ ilipo 1.5, kwenye mstari wa maji ya kisima. Namba kubwa ya mwisho wa mchoro haimhusu anayekunywa. Chukua mfano wa kisima chenye mg 4 kwa lita na mtungi wa lita 20: floridi ya kuondoa ni (4 − 1.5) × 20, yaani mg 50. Kama q hapo ni 0.8, kila mtungi unakula gramu 63 za unga. Fanya hesabu hiyo kwa mkaa wa mifupa na kwa nano, kisha uweke kando ya kila moja bei ya gramu hizo: mifupa ya Dagoretti na stima ya tanuri upande mmoja, chokaa ya maabara, asidi ya fosforiki na siku mbili za kazi upande wa pili.